Masinde Khaemba, Fundi wa Pampu Aliyemwonea Wivu Mkewe

Mwezi wa Februari mwaka huu wa 2025, Wangila Khaemba alifika Kasubi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa ametoka Lubumbashi, akibadilisha mabasi kila mpaka, baada ya kupata habari kwamba kaka yake hajiwezi. Nchi nyingi alikuwa amezizunguka, ila mtaa huu hakuujua. Akamwuliza mwendesha boda gereji ya Masinde iko wapi.

"Masinde gani? Ule wa wivu?" mwendesha boda akauliza. "Ule alifungia bibi yake kompyuta? Panda, mzee. Huyo tunamujua wote."

Ndivyo marehemu alivyojulikana, na mwenyewe hakukana. Waliomlea hawakushangaa.

Masinde alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Kimilili, Bungoma, mtoto wa kwanza wa mzee Khaemba na mama Nabangala. Alikuwa na umri wa miaka sita Wangila alipozaliwa. Mtoto mchanga hajamaliza juma, Masinde alimbeba kwa uangalifu mkubwa, shingo ameishika vizuri, akampeleka kwa jirani na kumwomba akae naye, kwa sababu kwao walikuwa wametosha. Mama alisimulia kisa hicho hadi alipofariki. Masinde alikuwa akisikiliza na kusema tu kwamba jirani yule hakuwa mtu wa msaada.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Kimilili, kisha akajifunza ufundi wa magari mjini Bungoma na kuhitimu mwaka 2002. Mwaka 2004 alivuka mpaka, akaanza kuziba rejeta za kupozea injini katika mtaa wa Nateete. Alizamisha rejeta kwenye pipa la maji, akatazama povu linatokea wapi, na tundu alilolikosa yeye halikuonwa na mtu. Fundi mwingine akisifiwa, Masinde alinawa mikono akaenda kunywa chai.

Tarehe 27 Agosti 2011 alifunga ndoa na Lakica, binti wa sajini mstaafu Faustino wa Gulu. Lakica alikuwa amejifunza umeme wa magari katika karakana ya jeshi alikofanya kazi baba yake. Wakafungua gereji hapa Kasubi na kugawana gari kama watu wanaogawana shamba: maji ya Masinde, umeme wa Lakica. Kwa miaka mingi hakuna aliyevuka mpaka wa mwenzake, na nyumba ilikuwa na amani.

Kisha yakaja magari ya umeme. Betri yake hupozwa kwa maji, na maji hayo husukumwa na pampu ndogo inayoendeshwa na umeme. Sasa pampu hiyo ilikuwa ya nani?

"Inasukuma maji," Masinde alisema. "Ni yangu."

"Inakula moto wa waya," Lakica alijibu. "Lakini chukua, Baba Nelima. Usilie."

Mwaka 2023 Aoko, mfanyabiashara wa Kamwokya, alileta teksi yake ya umeme. Kila ikipanda milima mchana, ilitoa onyo kwamba betri inachemka. Aliileta asubuhi, imelala nje usiku kucha. Masinde aliwasha gari, akaweka kiganja juu ya pampu kama alivyozoea kwenye magari ya petroli, ambako injini ikizunguka na pampu huzunguka. Kimya. Akatangaza kwamba pampu imekufa, akafunga mpya. Nayo kimya. Akasema mpya nayo ni mbovu, akaagiza nyingine.

Lakica alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anakula muhogo.

"Betri iko baridi," alisema. "Nani ametuma pampu ifanye kazi? Hata wewe asubuhi hujatumwa, unakaa tu."

Aoko akacheka, na hapo ndipo jambo lilipoharibika. Lakica aliirudisha pampu ya zamani, akaunganisha kompyuta ya kupimia, akaiamuru pampu izunguke. Ikazunguka vizuri. Alipotikisa plagi ya nyaya zake, pampu ikasimama. Ndani ya plagi kulikuwa na kutu ya kijani, kwa maana gari lilikuwa likioshwa kila siku kwa maji ya nguvu. Pampu haikuwa na kosa.

"Nikirudi nitauliza huyu mama," Aoko alisema akiondoka.

Kesho yake Masinde alinunua kufuli, akaifungia kompyuta kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. Mtaa mzima ulipata habari. Mzee Faustino alikuja kutoka Gulu kwa ajili hiyo tu.

"Mkwe," alisema, "wanaume wengine wanafungia bibi mlangoni, sababu ya wanaume. Wewe unamuonea wivu na pampu?"

Masinde aliufungua mlango wa kabati. Tangu siku hiyo wateja wa pampu aliwapeleka mwenyewe kwa mkewe, ila alisimama karibu, akiwaeleza kwamba hata hivyo maji ni yake.

Novemba 2024 chakula kilianza kumkwama. Madaktari walisema ni saratani ya umio. Sauti ilipopungua, wivu haukupungua. Wodini, mbele ya Lakica, alimwambia ndugu yake:

"Wangila, usije kunizika."

"Kaka, unasema nini?"

"Wazee wa nyumbani nawajua. Watakukalisha kando ya Lakica, watasema mke wa ndugu ni wako. Na wewe umezunguka dunia yote, hujakataa kiti hata kimoja. Baki Kasubi, uwe unafungua gereji mpaka arudi kutoka mazishini. Akirudi, panda basi lako."

Lakica alimpangusa mdomo. "Mimi hanirithi mtu," alisema. "Lakini kama ndiyo utalala vizuri, shemeji atabaki."

Masinde alifariki tarehe 9 Mei 2025 alasiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Lakica, ameukaza.

Ameacha mjane, Lakica. Watoto, Nelima na Oola. Mkwe wake, mzee Faustino. Na ndugu yake, Wangila, aliyeandika maneno haya na kuyasoma hapa Kasubi, kwa kuwa mazishini Kimilili hatayasoma.

Udongo wa kwao umpokee taratibu. Alale, ameshalinda vya kutosha.

Gari limeshawashwa. Lakica na watoto wamepanda na jeneza. Wangila amewafungulia lango, amewaaga, na sasa analifunga akiwa upande wa ndani.