Wanaogongeana Ukutani

Benchi la kwenye kona yetu ni mali yangu, na asiyejua aambiwe leo. Nililiunda kwa mbao za kitanda cha ndoa yangu ya kwanza, ile iliyonishinda, kwa hiyo ukinisikia nazungumzia wivu ujue naongea kama fundi. Upande mmoja ipo meza yangu ya kushona viatu, upande wa pili Spana anatengeneza baiskeli, na katikati birika la Mama Kahawa. Wa kudumu ni mimi na Spana, pamoja na Wembe, kinyozi wa duka la nyuma, ambaye huwaacha wateja wamenyolewa nusu ili asipitwe na neno, na Redio, dereva wa teksi, ambaye habari zote za dunia anazo isipokuwa ile ya nani kamwambia. Wiki ile mada ilikuwa moja tu, mke wa Spana. Shemeji yetu huyo ni mtaalamu wa virusi, tena vile vinavyoua, katika maabara yenye uzio mrefu kule juu ya barabara kuu. Walikuwa ndani wawili, yeye na mwanamume anayefanya naye kazi, glavu ikachanika. Wote wawili wakafungiwa kwenye jengo la nyuma kwa wiki tatu, waangaliwe kama wataugua. Mwanamume mwingine angeshikwa na hofu. Spana alishikwa na wivu.

— Wiki tatu, — alisema asubuhi moja, akizungusha gurudumu lililopinda bila kulinyoosha. — Mimi na yeye hata fungate tulikaa siku mbili, ya tatu akaitwa kazini.

— Lakini si kila mtu ana chumba chake? — nikamuuliza.

— Vimepakana.

— Kuna ukuta, bwana.

— Ukuta kitu gani? Hata nyumba yangu ina ukuta, na jirani akikoroma mimi ndiye nisiyelala.

Wembe akatoka dukani na wembe wake mkononi, akajipenyeza katikati yetu.

— Mimi nauliza, kwani lazima waingie wawili? Mbona mimi nanyoa peke yangu?

— Ndiyo sheria yao, — Spana akasema. — Kwenye chumba cha virusi mtu haingii peke yake. Mwenzako ndiye jicho lako. Na mkishavaa yale mavazi yao, utadhani mnakwenda mwezini, lazima mwenzako akukague kabla mlango haujafunguliwa. Kisogoni, kwapani, mgongoni, mpaka kisiginoni. Anatafuta tundu.

— Anatafuta kwa macho?

— Kwa macho na kwa mikono.

Wembe akaushusha wembe wake.

— Kila siku?

— Kila siku ya kazi. Mwaka wa nne huu.

— Mama yangu! Spana, pole sana ndugu yangu.

Pole ile haikumsaidia mtu. Spana alilishika gurudumu kama anataka kulinyonga. Nami niseme ukweli, roho iliniuma, ila si kwa kumwonea huruma. Mwenzetu ana mke anayeshika vitu ambavyo vikitoroka vinaumaliza mji, na sisi wengine kitu cha hatari kuliko vyote tulichowahi kushika ni gundi. Sijawahi kuelewa mwanamke yule aliona nini kwa fundi ambaye baiskeli yake mwenyewe haina breki.

— Mnaongea kitoto, — Redio akasema, huku amekunja nne. — Nani kawaambia ilichanika? Glavu za watu wale ni nene kama tairi. Ile ilikatwa.

— Ilikatwa na nini?

— Mkasi.

— Ili iweje?

— Ili wafungiwe! Fikiria mwenyewe. Chakula unaletewa mlangoni, hakuna mume, hakuna mke, hakuna shemeji wa kuja kukopa nauli. Hata mimi ningekata.

— Na kirusi je? — nikasema. — Wanacheza na kifo kwa ajili ya chakula cha mlangoni?

— Kirusi gani? Umekiona?

— Wao wanakiona kwa hadubini.

— Wao! Wewe umeonyeshwa? Sasa nikwambie kitu. — Akapunguza sauti, na tukainama wote, hata mteja wa Wembe mwenye povu kidevuni. — Kipo kirusi kimoja hawakitangazi. Kinaingia puani, kinapanda kichwani, kinakwenda moja kwa moja pale mtu anapohifadhi ndoa yake. Unalala na mume, unaamka unamuuliza, samahani kaka, unamtafuta nani?

— Wanakifuga kwenye friji, — Wembe akadakia.

— Na wanakiuza ng'ambo, kwa matajiri.

— Mngeniletea hata kichupa kimoja, — Mama Kahawa akasema huku akimimina. — Wangu ningemsahau leo leo.

Tulicheka sana. Spana hakucheka. Simu yake ikalia, akaifuta grisi kwa kiwiko.

— Ni yeye.

— Weka sauti, tusikie wote, — Redio akasema.

Akaweka. Sauti ya shemeji ilikuwa ya chini, ya mtu aliyetoka usingizini.

— Umeamkaje, baba watoto?

— Mimi nimeamka. Yeye kaamkaje?

— Yeye nani?

— Huyo mwenzako.

— Ameamka. Tumejiwekea utaratibu, akiamka ananigongea ukutani nami namgongea, kila mmoja ajue mwenzake yupo. Leo nilichelewa kumjibu, akapiga kelele mpaka muuguzi akaja mbio.

Spana alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu mashahidi.

— Anakupigia kelele wewe? Yeye kama nani?

— Hebu nisikilize. Kuna jambo nataka kukwambia…

— Niambie kwanza hili. Anagonga kwa ngumi au kwa kidole?



— Jioni utakuja? — shemeji akauliza. — Wanaruhusu watu kusimama kwenye uzio. Dirisha langu linaonekana.

— Nije kumtazama nani, wewe au yeye?

— Basi, — akasema. — Basi, tutaongea.

Simu ikakatika.

— Kwa kidole, — Redio akatoa hukumu. — Ingekuwa ngumi angejibu.

Hapo nami nilicheka, na kicheko kilikatika nilipomwona Spana usoni.

— Mwenzangu, mwenzangu, — alisema taratibu. — Nyumbani ni hilo tu. Mwenzangu kasema hivi, mwenzangu kafanya vile. Mimi miaka yote hii naitwa baba watoto. Akirudi namuuliza kazi imeendaje, ananijibu salama. Yule bwana anajua hiyo salama ndani yake kuna nini. Mimi napewa ikiwa imefungwa.

Kila mtu alijifanya kahawa ni ya moto.

Tukiwa hivyo, mwanamke mmoja akasimama mbele yetu. Alivaa nguo za ofisini, macho yamevimba, mkononi ana mfuko wenye bakuli la chakula.

— Samahanini. Namtafuta fundi baiskeli, mume wa yule dada wa maabara.

— Ndiye mimi.

— Mimi ni mke wa aliye chumba cha pili.

Wembe alisogea haraka mpaka nusura aniangushe. Redio akaikunjua ile nne yake. Kwetu sisi hiyo ilikuwa ni kesi imejileta yenyewe, mlalamikaji wa pili kafika.

— Afadhali umekuja, — Spana akasema, akampangusia nafasi kwenye benchi langu. — Tuko kwenye jahazi moja mimi na wewe. Unavumiliaje, dada? Wewe huoni wivu?

Mwanamke hakukaa.

— Niliuona, mwanzoni. Akirudi ni kumsifu mkeo tu, eti mikono yake haitetemeki. Nikanuna karibu mwaka mzima. Siku hizi akitoka asubuhi namuuliza, leo unaingia na nani? Akisema anaingia na mkeo, siku hiyo mchana nakula.

Spana aliacha kupangusa benchi.

— Kila jioni nakuwepo pale kwenye uzio, — akaendelea. — Mkeo naye husimama dirishani. Mimi ananipungia mara moja tu, halafu anaangalia barabara mpaka giza linaingia. Nilidhani umesafiri.

— Sijasafiri, — Spana akasema.

— Basi nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Leo mume wangu amenipigia analia. Sijawahi kumsikia akilia. Anasema amegonga ukuta na mkeo amechelewa kuitika. Nikamuuliza, kwani iliyochanika ilikuwa glavu ya nani, yako au yake? Akakata simu. Nikaona wewe, mume wake, utakuwa umeshaambiwa. Ilikuwa ya nani?

Spana akatutazama mmoja mmoja kama alivyotutazama kwenye simu, na mashahidi wote tukawa hatupo. Wembe aliangalia wembe wake. Mimi niliinua kiatu cha mtu nikakichungulia ndani. Redio, ambaye hajawahi kukosa habari tangu nimjue, alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari. Wiki nzima tulikuwa tumechunguza ukuta, mlango, kisogo, kisigino, kidole na ngumi.

— Sijui, — Spana akasema.

— Hukumuuliza?

Spana alichukua simu, akapiga, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Mara ya tatu hakungoja, alisimama na kujifuta mikono kwenye suruali yake safi, wakati kitambaa cha grisi kilikuwa begani.

— Saa hizi wanaruhusu?

— Bado, mpaka jioni. Lakini twende, tutangoja pale pale.

— Dirisha lake ni lipi?

— Nitakuonyesha.

Aliacha kila kitu kama kilivyo, gurudumu limening'inia, sanduku la vifaa liko wazi. Mwanzo walitembea, kisha akaanza kukimbia, na yule mama akakimbia nyuma yake huku amelikumbatia bakuli. Mama Kahawa alikusanya vikombe vikiwa bado vimejaa. Mchana kweupe, mbele ya macho yetu, Spana alikuwa ameondoka na mke wa mtu, na benchi zima halikuwa na la kusema.