Ngoma Iliyochemsha Maji

Wasikilizaji wapendwa, aliyekaa asimame, na aliyesimama akae. Leo kila mtu ajue kwamba jambo limetokea. Octave Ciza amefariki. Amefariki Jumanne, hapa Uvira, mtaa wa Nyamianda, akiwa na miaka sitini na miwili. Narudia kwa wale ambao redio zao zinakohoa: Octave Ciza, mlinzi wa musée, ile nyumba ya makumbusho, hatunaye tena.

Musée yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya matofali na bati. Ndani mlikuwa na makabati ya mbao, viti vinne vya mwami, mtawala wetu wa jadi, na ngoma moja kubwa. Ngoma ile ilikuwa ya babu yake Concilie, mke wa Octave. Ukoo uliiazimisha musée. Narudia: waliiazimisha, hawakuitoa.

Sasa, bati la Uvira saa saba mchana laweza kukaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu, bila mafuta. Mbao za zamani hazipendi hivyo, hupasuka. Mwaka 1986 mkaguzi mmoja alimshauri Octave aombe jenereta na mashine ya baridi. Octave, kijana wa miaka ishirini na minne, alimjibu hivi: "Mazutu inanunua baridi ya leo, inauzisha joto ya kesho." Mazutu ni dizeli. Mkaguzi alimwona kichaa. Octave akapanda miti sita kuizunguka nyumba, ile inayoitwa muvugangoma, yaani mti unaosemesha ngoma. Ndiyo huchongwa ngoma. Miaka kumi baadaye kipimajoto chake kilisema nyuzi ishirini na saba ndani, thelathini na nne nje. Na mizizi ilikuwa imeukamata udongo ambao mvua huuteremsha kutoka mlimani.

Kisha vita. Ni Agosti 1998. Askari walishuka na mapanga kutafuta kuni za kambi yao, wakaiona miti sita. Octave alikuwa kijiji cha Makobola kwa shemeji yake. Concilie alisimama mlangoni peke yake. Yeye mwenyewe ametusimulia.

"Mama, toka mu njia. Tunakata kuni."

"Mukikata hii miti, musée itakufa na joto."

Hapa, wasikilizaji wapendwa, tegeni sikio. Neno musée ni la Kifaransa. Lakini kinywani mwetu, hapa Uvira, tofauti yake na muzee, yaani mzee, ni ndogo kuliko kichwa cha ndagala.

Kamanda wao akauliza, "Muzee iko ndani?"

"Iko ndani."

"Iko mugonjwa?"

"Tangu kiangazi ya mwaka jana. Inapasuka-pasuka."

"Masikini. Iko na miaka ngapi?"

"Wengine wanasema mia mbili."

Kamanda akavua kofia. Concilie anatuambia: "Mpaka pale kwa 'masikini' nilikuwa naongea musée ya kweli. Kutoka pale nilimwachia Mungu."

Hakuna aliyeingia. Mgonjwa wa miaka mia mbili haamshwi. Kesho yake ilikuja kilo moja ya sukari ya Muzee, na pamoja nayo askari mwenye bunduki. Amri ilikuwa moja: asikate mtu kitu kwenye kivuli cha Muzee. Hata kijiti cha mswaki.

Octave aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka siku tisa.

Siku ya kumi kipindupindu kilifika Nyamianda. Mabomba yalikuwa makavu, watu walikunywa maji ya ziwa. Barabara ilikuwa imefungwa, makaa hayakuja. Watu walikuwa wamekwisha kuchoma milango yao. Jirani yao Bernardine aliingia amembeba binti yake Belyse, mwenye miaka miwili, amelegea kama nguo mbichi. Alihitaji maji yaliyochemka. Hakuwa na ukuni hata mmoja.

Octave alichukua panga, akaenda kwenye miti yake. Miti aliyoipanda kwa mikono yake. Askari akamzuia.

"Papa, weye ni nani?"

"Minye ni wa musée."

"Mutoto wa muzee? Na unataka kuua baba yako na joto? Rudi kule."

Angesema ukweli, Concilie angekuwa mwongo mbele ya kamanda mwenye bunduki. Akarudi ndani. Akachoma makabati. Akachoma viti vya mwami, kimoja, kimoja, vyote vinne. Siku ya nne Belyse alikuwa bado anatapika, na ndani ya musée ilibaki ngoma.

"Ile ni ya babu," Concilie alisema.

"Ngoma inatoka ku muti, Concilie. Muti haitoke ku ngoma."

"Na babu, alitoka ku nini?"

Octave alilishika panga, akaielekea ngoma. Akaipasua. Ilichemsha maji siku mbili. Belyse akapona. Concilie hakumsemesha mumewe mpaka Januari.

Vita vilipopoa wageni walirudi, wakakuta nyumba tupu, yenye baridi nzuri sana. Octave alikuwa amefunga kikaratasi kwenye kila mti: "Ngoma, bado haijachongwa." Je, hiyo ni musée? Nilipokuwa bado mwanafunzi, nilimuuliza mwalimu wetu wa historia kule bwenini. Alisema ndiyo, kisha hapana, kisha akanipa adhabu ya kufagia uwanja. Nilifagia, sijaelewa mpaka leo.

Mti wa tatu Octave alimwahidi Concilie: ndio ngoma ya babu. Kila mwaka mke alisema ukatwe. Kila mwaka mume alisema bado, jua limezidi. Ziwa lilipopanda na mvua kuleta matope, mizizi ile ndiyo iliyoshikilia ukuta. Akasema tena bado. Amekufa akisema bado.

Alhamisi, baada ya mazishi, mchongaji Sévère alifika na shoka. Waombolezaji kama arobaini walikuwa wamejibana chini ya mti wa tatu. Ilikuwa saa nane mchana.

Belyse, sasa mama wa watoto wawili, alimwambia Concilie, "Tantine, mukate. Minye ndiyo nilikunywa ile ngoma."

Sévère akauliza, "Mama, tukate?"

Concilie aliwatazama watu, mmoja mmoja.

"Ngojeni kwanza watu watoke mu kivuli."

Sévère akangoja. Hakutoka mtu. Hata Belyse hakuinuka.

Mama Concilie, watoto, na ukoo ulioazimisha ngoma yake: poleni sana, Mungu awashike. Nanyi wasikilizaji wapendwa, msinitumie majibu leo. Kaeni na swali tu: jua lile, siku ile, wewe ungeinuka?