Mtu Mmoja Kabla ya Jumapili

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao, limebanwa kati ya kibanda cha fundi viatu na ukuta wa kanisa. Fundi viatu, ambaye mtaa mzima unamwita Soli, ndiye mwenye benchi, mwenye birika la kahawa na mwenye neno la mwisho, ingawa hilo la tatu wenzake hawampi. Pembeni yake hukaa Faili, karani aliyetumikia miaka thelathini kwenye chumba cha majalada na mpaka leo hajakubali kwamba alistaafu. Breki ni dereva wa pikipiki. Jina alipewa kwa kile ambacho pikipiki yake haina. Wa nne ni Besi, fundi wa kuchomelea vyuma, mwimbaji wa sauti nzito kwenye kwaya ya kanisa hilohilo la nyuma ya ukuta. Jumapili akiimba, madirisha yanatikisika. Siku nyingine, akiwa benchini, huongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Jumanne hiyo alifika asubuhi, akapokea kikombe chake, akakohoa mara tatu. Soli akamuuliza kama amemeza msumari. Ndipo Besi akatoa lililomkaa rohoni. Mchungaji alikuwa ametangaza kwamba waumini wake wamenenepa kwa kula neno na kukaa, kwa hiyo kila mmoja atoke nje ya kuta za kanisa akamweleze mtu mmoja habari za Yesu. Mmoja tu. Jumapili watasimama mbele ya wote na kusema waliongea na nani. Mke wa Besi alishafikisha saba, akiwamo msoma mita ya maji aliyezuiwa mlangoni mpaka akasema amina. Besi hakuwa na hata nusu mtu.

— Sasa umekuja kutuvua sisi kama samaki, Soli akasema bila kuinua macho kutoka kwenye kiatu.

— Niliona nianze na watu ninaowajua.

— Besi, tumekaa hapa miaka kumi na moja. Miaka kumi na moja tunaelekea motoni, na wewe kazi yako kutupitishia sukari?

Wakacheka, naye akacheka, lakini lilimchoma kwa kuwa lilikuwa kweli.

Breki akamwambia ahubiri basi, wao wamekaa wanasikiliza. Besi alikuwa amefanya mazoezi karakanani, uso ndani ya barakoa ya kuchomelea, na humo ndani maneno yalitiririka vizuri kabisa. Alitaka kuwaambia kuhusu mwaka ule cheche zilipomuunguza macho, siku tatu haoni kitu, na nani aliyekuwa naye katika giza lile. Siku zile wao aliwadanganya kwamba amesafiri. Akafungua mdomo, kikatoka kitu kimoja tu, kwamba Mungu ni mwema. Breki akamjibu kuwa hilo amelibandika nyuma ya pikipiki yake tangu alipoinunua, na bado abiria wanamkimbia.

Kuanzia hapo kazi ya Besi ikawa mali ya kijiwe. Faili alisema tatizo ni la kiofisi. Lifunguliwe jalada kwa kila mkazi: barua ya kwanza ya kumkumbusha dhambi zake, ya pili ya onyo, nakala kwa malaika mkuu, na asiyejibu ndani ya siku kumi na nne ahesabiwe ameokoka. Breki akabisha. Kosa la wahubiri, alisema, ni kuwafuata watu wakiwa wametulia. Yeye akiushika mteremko wa sokoni, abiria huomba kwa sauti, hata wale wasio na dini. Kanisa limpe tu kitambulisho na mafuta. Soli hakukubali kushindwa kwenye benchi lake. Yeye angechonga neno TUBU chini ya kila kiatu kinachopita mikononi mwake, mvua ikinyesha mji mzima ujichapie mahubiri kwenye tope, mpaka mbwa waanze kuona aibu. Kufikia hapo walikuwa wameshaokoa mji na vitongoji vyake, mbinguni kumezidiwa na makaratasi, na Faili amekubali kurudi kazini kwa mkataba.

Ndipo akaja mwanamke wa makamo, kanga begani, viatu vimejaa vumbi. Soli akanyoosha mkono apokee kiatu. Hakuwa na kiatu cha kushonwa.

— Samahani, kaka zangu. Kanisa hili linafunguliwa saa ngapi?

— Jumapili, saa mbili, Besi akasema.

— Na leo?

Faili akaeleza kwamba leo ni Jumanne, ila akiwa na miadi na katibu wa kanisa, inawezekana. Mwanamke akasema hatafuti mtu. Anataka kukaa ndani kidogo tu. Mama yake amefariki alfajiri katika hospitali ya pale juu kilimani, wamemwambia arudi saa nane kuchukua nguo zake. Ameuzunguka ukuta mara mbili akitafuta mlango mwingine.

Breki akasema geti la kanisa ni imara, Besi mwenyewe ndiye aliyelichomelea, hata wezi wameliheshimu. Alidhani anamsifu mwenzake. Besi akatamani ardhi impokee.

— Sasa mtu akimhitaji Mungu Jumanne, huwa anaenda wapi?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia. Faili akachungulia kikombe chake.

Besi akasogea, akafuta ubao kwa mkono wa shati.

— Kaa hapa, dada.

Akakaa. Soli akammiminia kahawa. Alikunywa kwanza, kisha akaanza kusimulia habari za mama yake: alivyokuwa mkali, alivyogombana na redio kana kwamba inamsikia, alivyokataa kulazwa mpaka aanue nguo kwenye kamba. Alipocheka walicheka naye. Alipolia waliangalia chini. Karakana ya Besi haikufunguliwa siku hiyo.

Saa nane ilipokaribia, Besi alinyanyuka pamoja naye, wakapanda kilima polepole. Wodini wakakabidhiwa mfuko wa nguo, Besi akaupokea. Muuguzi akafungua daftari, akamuuliza Besi yeye ni nani wa marehemu.

Besi akaukumbatia mfuko.

— Andika tu, mwanamke akasema. Huyu yuko na mimi.