Mkono wa Mama Zipu

Zwii... zwii... ka. Kimya. Kisha tena: zwii... ka.

Wasikilizaji wapendwa, hiyo ndiyo sauti iliyokuwa ikimwamsha binti wa marehemu wetu kabla hapajapambazuka. Taa imezimwa. Mtu mmoja ameketi ukingoni mwa kitanda, anapandisha na kushusha zipu ya koti kuukuu. Anatumia mkono wa kushoto. Wa kulia umelala mapajani, kama paka asiye na habari na mtu.

Leo tunamkumbuka fundi wa zipu, yule wa barazani kwenye duka la vitambaa. Sote tulimwita Mama Zipu. Ametutoka wiki hii. Begi likigoma, ni kwake. Koti likigoma, ni kwake. Gauni la bibi harusi likigoma watu wameshaketi, mtu anatumwa mbio, ni kwake.

Na hakuwa mtu wa kutulia. "Mama hakuwa na makalio ya kukalia kiti," anasema binti yake, anacheka huku anafuta macho. "Hata sala alisali akitembea. Akifika kwenye amina, yuko mlangoni."

Kisha kikaja kiharusi. Akapona, ila mkono wa kulia haukurudi. Tuseme tena, wasikilizaji: mkono wa kulia, mkono wa kazi, haukurudi. Na zipu inataka mikono miwili. Mmoja unakaza kitambaa, mwingine unavuta.

Hapo ndipo alipokwama. Mkono ule ndio uliokuwa ukiwalisha watatu: yeye, binti, na mjukuu wa kike aliyeanza shule juzi tu. Sasa binti anafua nguo za watu mpaka vidole vinachubuka, na mama anazunguka chumbani. Dirishani, mlangoni, dirishani. Anamsemesha Mungu kama mtu anayegonga mlango akijua mwenyewe yumo ndani.

"Nimekwama, Baba. Nawe unaona kabisa kwamba nimekwama. Nirudishie mkono wangu. Mkono tu, sikuombi mabawa!"

Siku moja akaja jirani yake wa barazani, fundi viatu, maarufu kama Kisigino. Amebeba kitu kizito ndani ya gunia. Ni jiliwa, kile chuma cha kufunga mezani, chenye taya mbili za kubana kitu kisicheze.

"Dada yangu, hili litakushikia kitambaa. Wewe utavuta kwa kushoto."

"Kisigino, mimi nimeomba mkono. Wewe unaniletea chuma?"

"Mgonjwa gani anachagua dawa?"

"Toka na chuma chako! Mungu wangu hawatengenezi watu kwa mabaki ya viatu."

Kisigino akajitwika gunia lake. "Haya. Mungu wako akija, mwambie nilipita."

Akaenda zake. Na alfajiri ikawa ile ile: zwii... ka. Kitambaa kinateleza, zipu inagoma, kitambaa kinateleza.

Ikafika asubuhi moja, mjukuu anachelewa shule. Zipu ya sweta yake ikauma kitambaa katikati ya kifua. Mtoto akavuta. Akavuta tena, akaanza kulia.

"Usivute!" bibi akamwambia. "Ukilazimisha inazidi kuuma. Rudisha nyuma kwanza. Rudisha... hivyo hivyo. Haya, sasa panda."

Zipu ikapanda mpaka kidevuni.

"Nikageuka, nikamwona mama amesimama katikati ya chumba," anasimulia binti. "Mama yangu, kusimama! Nikadhani kiharusi kimemrudia. Kumbe anayasikia maneno yake mwenyewe. Akasema tu, 'Nipe viatu vyangu. Narudi kwa Kisigino.'"

Kurudi si kazi ndogo, wapendwa. Aliipita ile baraza, akageuka, akaipita tena. Kisigino hakuinua hata macho kutoka kwenye soli.

"Mungu wako amekuja?"

"Alikuja siku ile. Alikuwa amevaa aproni chafu, sikumtambua."

Kisigino alicheka mpaka nyundo ikamdondoka. Siku hiyo hiyo wakalifunga jiliwa mezani. Chuma kikashika, mkono wa kushoto ukavuta, na nyumba ikala tena. Alifanya kazi hivyo mpaka ugonjwa wake wa mwisho.

Mkono wa kulia haukurudi. Tusidanganyane, haukurudi. Naye hakuacha kuuomba, dirishani, mlangoni, dirishani. "Kwa chuma nimeshukuru," alikuwa akisema, "lakini ombi langu sijaliondoa."

Tunampa pole binti yake. Tunampa pole mjukuu. Tunampa pole Kisigino, ambaye hadi leo hajathubutu kulifungua lile jiliwa mezani. Mungu awashike.

Nawe unayetusikiliza, jambo lako limekwama, umeomba mpaka sauti imekauka: omba tu, usiache. Ila jiulize, ni nani aliyewahi kubisha hodi kwako na gunia begani, ukamfukuza?

Asubuhi ya maziko, binti alikuwa akimvalisha mwanawe ile sweta. Zipu ikauma kitambaa katikati ya kifua. Akavuta. Akavuta tena, machozi yanamdondoka. Mtoto akamshika kifundo cha mkono.

"Mama, usivute, rudisha nyuma kwanza."