Kimeng'enya Kinuni kwa Mokrane

Mbele ya kinu cha Mokrane cha kukamulia zeituni kuna benchi, na kila Novemba wazee wawili, kina Dda kama wakubwa wanavyoitwa huko kwa heshima, hulikalia kama wana hati yake: Dda Belaid, aitwaye Profesa kwa kuwa ana miwani, na Dda Arezki, aitwaye Redio kwa kuwa hazimwi. Kando yao Ouiza alikaa juu ya magunia yake sita ya zeituni akingoja zamu, mtoto kifuani. Mvua ya mwezi mzima ilijaza zeituni maji, rojo la zeituni zilizosagwa linazunguka tu kinuni, mafuta hayataki kutoka. Mokrane kamwambia: tukitia kimeng'enya yatajitenga, tusipotia, nusu inaondoka na mashudu. Amua kabla ya zamu yako. Na mafuta hayo ndiyo ya nyumba mpaka mwakani, na mwanawe Massi, wa miezi minane, ndio kwanza anaanza mkate wa kuchovya.

— Kimeng'enya, alisema Profesa, akilionja neno pamoja na kahawa. Jina lenyewe lina meno.

— Kinameng'enya nini? aliuliza Redio.

— Zeituni.

— Na zikiisha?

— Kinahamia kwa mlaji. Kinaanza na utumbo.

— Kweli! Kuna mtu Uhispania kalala mnene, kaamka mifupa.

— Nani?

— Nikikutajia utamjua?

— Si mdudu, baba zangu, alidakia Ouiza, maneno yakimtoka kwa mkupuo, tulisoma shuleni, hata kwenye mate yetu vimo, kwenye zeituni yenyewe vimo, hiki kinalegeza tu vile vijumba vinavyoshika mafuta, ndivyo nilivyosoma, ila sijui, huyu mdogo mno...

— Kwenye mate! Profesa akafumba mdomo, kwa usalama.

— Haya, msomi, alisema Redio. Mtoto akiumwa tumpeleke kwa mwalimu wako.

Ouiza akamkumbatia Massi zaidi. Kufikia kikombe cha tatu, kimeng'enya kilishatafuna mapipa, kikamaliza punda mmoja, na sasa kilikuwa njiani kwenda Algiers kupindua serikali.

Dehbia, mwuza mikate, akafika na kutua kapu.

— Kwani yana ladha gani, hayo mafuta?

— Yapi?

— Ya kimeng'enya. Nani kaonja?

Profesa akafuta miwani. Redio, kwa mara ya kwanza tangu uhuru, akazimika.

Ouiza akampa Dehbia mtoto, akamega mkate, akaingia kinuni. Mafuta ya jirani aliyekubali kutiliwa kimeng'enya asubuhi yalikuwa yakitiririka bombani. Alichokila yeye, Massi angekinyonya jioni. Alilijua hilo, akachovya, akatafuna. Koo likawaka. Akakohoa hadi machozi.

— Amekwisha! Redio aliruka. Leteni maji!

— Yanachoma, alisema Ouiza, akijifuta kidevu. Yanachoma kooni kama ya mama yangu.

Mafuta yasiyochoma koo, milimani kwao, hayaliwi, huachiwa taa.

— Tia, Dda Mokrane, alisema Ouiza. Yote sita. Na upesi, kabla sijaogopa tena.