Mama Aliyehesabu Siku Arobaini na Mbili

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Akiwa darasa la tatu alimuuliza mwalimu maswali mpaka kengele ikalia, na jina la Kwa Nini likamganda. Alihitimu udaktari mwaka 1982, kisha akasomea takwimu, kwa sababu alitaka kujua kwa nini akina mama walikuwa wakifa, si kuwalilia tu.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu. Bwana huyo alipomtamkia mapenzi mara ya kwanza, alijibiwa, "Tumeonana mara nne tu, sampuli haitoshi." Mwalimu akaongeza sampuli: miezi mitano mfululizo alimsubiri kila jioni nje ya hospitali, mwavuli kwapani hata kiangazi. Hawakujaliwa kuzaa.

Kuanzia mwaka 1988 aliongoza utafiti katika hospitali ya uzazi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya chumba cha dobi, na mafaili yake yalinukia sabuni. Kila mama aliyejifungua alikuwa na mstari wake kwenye rejesta, na mstari ulifungwa siku alipotoka getini. Utaratibu huo aliuweka marehemu mwenyewe.

Tarehe 3 Juni 1993 mdogo wake wa mwisho alijifungua binti hapo hapo. Kesho yake marehemu aliandika kwa mkono wake, "Wametoka wazima," akafunga mstari. Siku ya tisa mdogo wake alifariki nyumbani kwa homa ya uzazi. Ripoti ya utafiti ilipotoka mwezi Agosti, bado alihesabiwa mzima.

Marehemu alikwenda kuomba ripoti iondolewe. Mkuu wake akamwambia, "Pole sana, dada, lakini alitoka hapa mzima. Kwa utaratibu, hujakosea."

"Utaratibu ni wangu," alijibu, "na ndio uliokosea."

Tangu hapo hakuna mstari uliofungwa kabla ya siku arobaini na mbili tangu kujifungua, muda ambao uzazi bado huweza kumuua mama. Yeye na wauguzi wawili walipiga hodi nyumba kwa nyumba, wakapima joto, wakauliza habari za damu, wakawarudisha hospitalini waliozidiwa. Waliomfukuza aliwarudia kesho yake bila haya. Baadhi ya akina mama waliosimama hapa leo wanazikumbuka hodi hizo. Alistaafu mwaka 2016, miguu imemvimba.

Mtoto wa mdogo wake alilelewa na yeye na mumewe. Ndiye anayesoma maneno haya.

Mwezi Januari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliwahoji madaktari wake mpaka wakaanza kumkwepa. Asubuhi ya tarehe 9 Mei 2023 alimshika binti yake mkono akamuuliza, "Mwanangu, umenisamehe ule mstari?"

"Mama, meza dawa kwanza," binti alisema. "Hayo tutaongea."

Alimeza. Alifariki saa nane mchana, binti akiwa ametoka kununua maji ya kunywa. Inauma, na itaendelea kuuma.

Ameacha mume, wadogo wawili, binti na mjukuu wa miezi minne. Binti huyo ameomba iandikwe hapa kwamba alikwisha kumsamehe tangu utotoni, na kwamba angetoa chochote kile amwambie akiwa anasikia.

Mungu ampe pumziko jema.