Ngisi wa Manyoya Sita

Sogeeni wanangu, sogeeni hapa kitandani, na wewe kitinda mimba wangu uache kuniweka mto sawa kila dakika kana kwamba mto ndio unaoniua. Nina la kusema, nalisema mara moja, msinikatishe.

Nyumba hii ni yenu nyote watatu. Sikusema wawili, nimesema watatu. Kaka mtu akae vyumba vya mbele na wanawe, kitinda mimba achukue vya uani. Chumba cha kazi, pamoja na meza ndefu ya dirishani, jiliwa zote tatu za kubania ndoana, makasha ya manyoya na mikebe ya macho ya plastiki, ni cha dada yenu. Naona mnatazamana. Tazamaneni, lakini sikilizeni.

Mnajua siku aliyoondoka, hamjui kilichomwondoa. Tulikuwa na oda ya ngisi wa bandia mia mbili, chambo cha wale wavuvi wa mshipi wanaowafukuzia kolekole. Kazi yenyewe mnaijua: ngisi akikimbia huenda kinyumenyume, basi macho tunayafunga nyuma, kwenye kona ya ndoana, na mikono ya manyoya inaning'inia kupita hapo. Mimi nilikuwa naweka manyoya ishirini kwa kila mmoja, nawapamba mpaka wanapendeza kama maharusi. Dada yenu akaweka sita. Sita! Nikamwambia huo ni uvivu. Akanijibu, tena kwa adabu, "Mama, wako wanapendeza mezani, majini wanakufa." Mbele ya mnunuzi! Damu ikanichemka. Nikashika wembe nikawakata ngisi wake mmoja mmoja, yeye amesimama anatazama, na nilipomaliza nikatamka neno ambalo mzazi hatakiwi kulitamka: nikamwambia sina radhi naye. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akatoka.

Wiki ya pili yake, nikiwa nafagia, nikamkuta ngisi wake mmoja chini ya kabati. Nikajaza beseni maji ili nimcheke vizuri. Wangu nilipomtumbukiza akalowa, akawa kama brashi ya kusugulia sufuria. Wake, wanangu, wake alikuwa hai. Kila nilipovuta uzi kidogo, mikono yake sita ilijikunja na kujikunjua, nami nikakaa sakafuni nikalia peke yangu.

Mngedhani nilimwita siku ileile. Wapi! Nilifunga kama yeye, nikauza kama wangu, nikasifiwa mimi. Ngisi yule anayeulizwa na wavuvi kwa jina langu, ni wake. Mnunuzi aliponiuliza nimemtoa wapi, nikamwambia ni uzoefu tu. Kiburi kile kimenila kuliko maradhi haya. Viatu vikilia mlangoni moyo unaruka, kumbe mteja. Namtamani mwanangu, nasema wazi mbele yenu. Natamani hata ule mtindo wake wa kukata uzi kwa meno, ambao nilikuwa nikimgombeza kila siku ya Mungu.

Basi shikeni haya. Kila pakiti ya ngisi wale iandikwe jina lake, na mnunuzi aambiwe kwa nini. Jina langu lifuteni. Nguo zangu wapeni wanaozihitaji, msizifungie kabatini zikanuka. Nizikeni jirani na baba yenu, bila makeke. Na msigombane, nawasihi, mimi nimegombana kwa niaba ya ukoo mzima.

Lakini kabla ya yote... nipeni maji kidogo... kabla ya yote, mpigieni simu. Sasa hivi. Msiniangalie hivyo, najua mnaongea naye, mimi mgonjwa, si kiziwi. Piga, kaka mtu. Niwekee sikioni. Karibu zaidi.

Mwanangu? Ni mama. Ngoja... ngoja nipumue. Ulisema kweli. Wangu walikuwa wanakufa majini. Nilijua wiki ya pili tu, nikanyamaza... Nisamehe. Radhi zangu, zote, ni zako. Mungu akutunze, wewe na ndugu zako hawa, mikono yenu isikose kazi, na mioyo yenu isiwe... isiwe migumu kama wangu. Unanisikia? Usilie, mama. Usi... Hapana. Lia tu. Lia, nikusikie. Miaka kumi na mmoja sijaisikia sauti yako.